Dick Tiger

Dick Tiger (jina la kuzaliwa: Richard Ihetu, Amaigbo, 14 Agosti 1929 – Aba, 14 Desemba 1971) alikuwa bondia wa ngumi za kulipwa kutoka Nigeria. Alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa kati mara mbili (1962–1963 na 1965–1966) na bingwa wa dunia wa uzito wa juu mwepesi mara moja (1966–1968).

Maisha yake ya ulingoni yalijaa mapambano ya marudiano. Wapinzani wake wakubwa wengi alikutana nao zaidi ya mara moja: Wilf Greaves mara mbili, Gene Fullmer mara tatu, Joey Giardello mara nne, José Torres mara mbili na Emile Griffith mara mbili. Kwa Greaves na kwa Giardello alinyang'anywa taji, kisha akalirudisha kutoka kwa mtu yule yule aliyemnyang'anya.

Anakumbukwa pia kwa kusimama upande wa Biafra katika vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Nigeria (1967–1970). Uamuzi huo ulimgharimu mali yake, na kwa muda ulimgharimu hata nafasi ya kuishi nyumbani kwao.

Utoto na ujana

Richard Ihetu alizaliwa katika familia ya wakulima wa kabila la Waigbo huko Amaigbo, mji ulioko katika Jimbo la Imo la leo, kusini-mashariki mwa Nigeria. Wakati huo Nigeria ilikuwa koloni la Uingereza. Akiwa bado kijana alihamia Aba, mji wa biashara uliokuwa ukikua haraka, akajitafutia riziki kwa shughuli ndogondogo za sokoni.

Huko Aba ndiko alikojifunza ngumi, katika mazingira ya vilabu vilivyoanzishwa na wanajeshi wa Kiingereza. Alikuwa mfupi kuliko wengi wa daraja lake, kwani kimo chake kilikuwa takriban sentimita 173, lakini alikuwa na kifua kipana, mikono yenye nguvu na pumzi ya kumfikisha raundi za mwisho. Mtindo wake haukubadilika sana maisha yake yote: alimsogelea mpinzani hatua kwa hatua, akizuia ngumi kwa mikono na mabega, kisha akapiga ngumi nzito ya kupinda ya mkono wa kushoto.

Aliingia katika ngumi za kulipwa mwaka 1952 akitumia jina la ulingoni la Dick Tiger. Kwa miaka mitatu alipigana nchini Nigeria, lakini malipo yalikuwa madogo na njia ya kufikia ubingwa wa dunia haikuwepo. Mabondia wa Afrika Magharibi waliotaka kusonga mbele walilazimika kwenda Ulaya.

Uingereza (1955–1959)

Mwishoni mwa mwaka 1955 Tiger alihamia Liverpool, bandari ya Uingereza iliyokuwa na uhusiano wa muda mrefu na Afrika Magharibi. Mnigeria mwenzake, Hogan "Kid" Bassey, alikuwa tayari anaishi huko, na mwaka 1957 Bassey akawa Mnigeria wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa ngumi, katika uzito wa unyoya.

Mwanzo wa Tiger ulikuwa mgumu. Alishindwa mapambano yake manne ya kwanza nchini humo. Baridi, upweke na kazi za kiwandani za kujikimu zilimchosha, na watu wengi wangerudi kwao. Yeye alibaki.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1957. Mwezi Mei alimsimamisha mjini London kijana Terry Downes, ambaye miaka minne baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa kati. Tarehe 27 Machi 1958 alipigana Liverpool na Pat McAteer, bingwa wa uzito wa kati wa Dola ya Uingereza, taji ambalo sasa linaitwa la Jumuiya ya Madola. Tiger alimshinda kwa nokauti katika raundi ya 9. Hilo lilikuwa taji lake la kwanza la kimataifa.

Marekani na marudiano ya kwanza

Mwaka 1959 alihamia Marekani, kwani huko ndiko kulikokuwa na wapinzani wakubwa na fedha. Mwaka huohuo alikutana mara mbili na Joey Giardello, bondia mzoefu mwenye asili ya Italia. Tiger alishinda pambano la kwanza huko Chicago na Giardello akashinda la pili huko Cleveland. Miaka minne baadaye wawili hao walikuja kukutana tena, safari hiyo kwa ubingwa wa dunia.

Mwezi Juni 1960 Tiger alikwenda Edmonton, Kanada, kutetea taji la Dola ya Uingereza dhidi ya Wilf Greaves, Mkanada. Alishindwa kwa pointi baada ya raundi 15. Mwezi Novemba mwaka uleule alirudi katika mji uleule, mbele ya watu walewale, akapigana tena na Greaves. Mara hii hakuwaachia majaji kazi: pambano lilisimamishwa katika raundi ya 9 na taji likarudi kwake.

Katika miaka ya 1961 na 1962 aliwashinda mabondia ambao mabingwa wenyewe waliwaogopa, wakiwemo Spider Webb, Florentino Fernández wa Kuba na Henry Hank. Baada ya hapo haikuwezekana tena kumnyima nafasi ya kugombea ubingwa wa dunia.

Namna ubingwa ulivyoamuliwa enzi hizo

Ili kuelewa mapambano yaliyofuata ni vizuri kujua kanuni chache za wakati ule. Bondia wa uzito wa kati hakuruhusiwa kuzidi paundi 160 (karibu kilo 72.6). Uzito wa juu mwepesi, daraja lililo chini ya uzito wa juu, ulikuwa na kikomo cha paundi 175 (karibu kilo 79.4). Pambano la ubingwa wa dunia lilikuwa la raundi 15, kila raundi dakika tatu, tofauti na raundi 12 za siku hizi.

Iwapo hakuna aliyeangushwa na kushindwa kuendelea, mshindi aliamuliwa kwa pointi. Matokeo yakiwa sare, bingwa alibaki na taji lake. Aliyepoteza taji kwa kawaida alitaka marudiano, lakini kuyapata lilikuwa jambo jingine: bingwa mpya aliweza kuyachelewesha kwa kuchagua wapinzani wengine kwanza.

Mapambano matatu na Gene Fullmer

Gene Fullmer alikuwa Mmarekani kutoka jimbo la Utah, mtu mwenye nguvu na asiyependa kurudi nyuma. Alikuwa bingwa tangu mwaka 1959, akitambuliwa na chama kilichokuja kuitwa WBA, wakati Jimbo la New York lilimtambua bingwa mwingine, Paul Pender.

Pambano la kwanza lilifanyika tarehe 23 Oktoba 1962 katika uwanja wa Candlestick Park, San Francisco. Usiku uliotangulia, Rais John F. Kennedy alikuwa ametangaza kuwepo kwa makombora ya Kisovyeti nchini Kuba, na dunia ilikuwa na hofu ya vita ya nyuklia. Katika hali hiyo Tiger aliingia ulingoni akiwa na umri wa miaka 33. Mabondia wote wawili walikuwa na tabia ya kusonga mbele, na ilipobidi mmoja arudi nyuma, aliyerudi alikuwa Fullmer. Baada ya raundi 15 majaji wote walimpa Tiger ushindi. Alikuwa Mnigeria wa pili kuwa bingwa wa dunia, miaka miwili tu baada ya nchi yake kupata uhuru.

Marudiano yalifanyika Las Vegas tarehe 23 Februari 1963. Fullmer alibadili mbinu, akapigana kwa kuzunguka zaidi badala ya kukabana. Matokeo yalikuwa sare, na Tiger akabaki na taji. Kwa kuwa Pender naye aliachana na ngumi, Tiger alitambuliwa kuwa bingwa pekee wa uzito wa kati duniani.

Sare iliacha swali, hivyo likapangwa pambano la tatu. Safari hii Tiger alipigania nyumbani. Tarehe 10 Agosti 1963 walikutana katika uwanja wa Liberty Stadium mjini Ibadan, uliokuwa umejengwa wakati Nigeria ikijiandaa kwa uhuru. Pambano hilo linahesabiwa kuwa la kwanza la ubingwa wa dunia kufanyika katika nchi huru ya Waafrika weusi. Lilitangulia kwa miaka 11 pambano mashuhuri la Muhammad Ali na George Foreman huko Kinshasa mwaka 1974.

Mbele ya umati wa Wanigeria wa makabila yote, Tiger alimwandama Fullmer tangu kengele ya kwanza. Fullmer alipata majeraha usoni, na baada ya raundi ya 7 meneja wake Marv Jenson hakumruhusu aendelee. Fullmer hakupigana tena baada ya siku hiyo. Kwa Nigeria changa, ushindi huo ulikuwa furaha ya taifa zima. Miaka minne tu baadaye, watu walioshangilia pamoja Ibadan walikuwa wakipigana vita.

Giardello: kupoteza, kungoja na kurudisha

Tarehe 7 Desemba 1963 Tiger alitetea taji mjini Atlantic City dhidi ya Joey Giardello, ambaye alikuwa amepigana ngumi za kulipwa tangu mwaka 1948 bila kuwahi kuwa bingwa. Giardello alijua kwamba kusimama mbele ya Tiger ni hatari. Alizunguka ulingo, akapiga na kuondoka, na mwisho wa raundi 15 akatangazwa mshindi kwa pointi.

Tiger alitarajia marudiano ya haraka, lakini alingoja karibu miaka miwili. Katika kipindi hicho hakukaa bure. Mwaka 1964 alimshinda Don Fullmer, ndugu wa Gene, kisha akashindwa kwa tofauti ndogo na Joey Archer. Tarehe 20 Mei 1965, katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, alimwangusha mara tatu Rubin Carter, bondia aliyeogopwa kwa nguvu za ngumi zake, na kumshinda kwa pointi. Baada ya hapo watu wa ngumi walikubaliana kwamba Giardello hana mpinzani mwingine wa haki.

Tarehe 21 Oktoba 1965 walikutana kwa mara ya nne, katika ukumbi huohuo. Safari hii Tiger aliziba njia. Kila Giardello alipojaribu kuzunguka, alimkuta Tiger mbele yake. Majaji wote walimpa Tiger ushindi. Kati ya mapambano yao manne kila mmoja alishinda mawili, lakini taji lilikuwa limerudi kwa Tiger, aliyekuwa na umri wa miaka 36.

Jarida la The Ring la Marekani lilimchagua kuwa bondia bora wa mwaka 1962 na tena mwaka 1965.

Kutoka Griffith hadi uzito wa juu mwepesi

Tarehe 25 Aprili 1966 Tiger alipoteza tena taji la uzito wa kati, mbele ya Emile Griffith, mzaliwa wa Visiwa vya Virgin vya Marekani aliyekuwa bingwa wa daraja la chini yake. Katika raundi ya 9 Griffith alimwangusha Tiger, jambo ambalo halikuwahi kumtokea kabla ya hapo. Ushindi wa pointi aliopewa Griffith ulizua ubishi miongoni mwa waandishi wa michezo, lakini matokeo yalibaki hivyohivyo.

Wengi walidhani ameishiwa. Badala ya kungoja tena, Tiger alipanda daraja. Tarehe 16 Desemba 1966 alimkabili José Torres wa Puerto Rico, bingwa wa uzito wa juu mwepesi na mshindi wa medali ya fedha katika Michezo ya Olimpiki ya 1956. Torres alikuwa mrefu zaidi, mzito zaidi na kijana zaidi. Tiger alikuwa na miaka 37. Hata hivyo alishinda kwa pointi baada ya raundi 15, akawa bingwa wa kwanza wa uzito wa kati kutwaa taji la uzito wa juu mwepesi tangu Bob Fitzsimmons mwaka 1903. Hata Sugar Ray Robinson alikuwa amejaribu mwaka 1952 akashindwa.

Marudiano yalifanyika tarehe 16 Mei 1967, na safari hii tofauti ilikuwa ndogo sana. Majaji hawakuafikiana, lakini wengi wao walimpa Tiger. Mashabiki wa Torres walikasirika, wakarusha chupa na viti, na ukumbi ukawa vurugu. Tiger alitoka ulingoni akiwa bado bingwa. Wiki mbili baadaye nchi aliyokuwa akiiwakilisha iligawanyika.

Biafra

Chanzo cha mgawanyiko huo kilikuwa matukio ya mwaka 1966. Mwezi Januari maofisa wa jeshi, wengi wao Waigbo, walifanya mapinduzi na kuwaua viongozi kadhaa, akiwemo Waziri Mkuu Abubakar Tafawa Balewa. Mwezi Julai yakafuata mapinduzi mengine dhidi yao. Katika mwaka huo maelfu ya Waigbo waliokuwa wakiishi Nigeria ya Kaskazini waliuawa, na waliobaki wakakimbilia kwao mashariki, wengi wakiwa hawana kitu.

Tarehe 30 Mei 1967 Luteni Kanali Chukwuemeka Odumegwu Ojukwu alitangaza Mkoa wa Mashariki kuwa nchi huru ya Biafra. Nchi hiyo ilianzia kwenye vilima vya bara na kushuka hadi delta ya mto Niger na pwani. Upande huo wa kusini ni nchi ya mikoko, vijito na maji ya kupwa na kujaa, kama ile ambayo Watanzania wanaijua katika delta ya Rufiji huko Kibiti, ingawa delta ya Niger ni kubwa zaidi. Chini ya ardhi yake kulikuwa na mafuta, na hilo liliongeza uzito wa ugomvi. Vita ilianza tarehe 6 Julai 1967.

Amaigbo na Aba zote zilikuwa ndani ya Biafra. Tiger, ambaye alikuwa ameweka fedha zake katika nyumba za kupangisha nchini Nigeria, angeweza kubaki New York na kunyamaza. Badala yake alijitangaza kuwa raia wa Biafra na akajiunga na jeshi lake kwa cheo cha luteni, akiwafundisha askari mazoezi ya viungo na kuwatia moyo. Sehemu ya mapato yake ya ngumi aliitoa kwa ajili ya Biafra. Kwa bondia mtu mzima aliyebakiwa na miaka michache ya kuchuma, huo haukuwa mchango mdogo.

Aliendelea kutetea taji lake wakati vita ikiendelea. Tarehe 17 Novemba 1967 alimshinda Roger Rouse huko Las Vegas katika raundi ya 12. Safari kati ya ulingo na nyumbani ilizidi kuwa ngumu kadiri majeshi ya serikali ya Lagos yalivyoizingira Biafra na kuifungia njia za bahari.

Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra, tarehe 13 Aprili 1968. Rais Julius Nyerere alieleza kwamba umoja wa nchi unategemea ridhaa ya watu wake, na kwamba watu waliouawa na kufukuzwa bila kulindwa na dola hawawezi kulazimishwa kuishi chini yake. Gabon, Ivory Coast na Zambia zilifuata mwezi Mei. Nchi nyingi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika hazikukubaliana na msimamo huo. Ziliona kwamba kuvunja mipaka iliyoachwa na wakoloni kungeleta vurugu katika bara zima.

Pambano na Bob Foster

Tarehe 24 Mei 1968, siku nne baada ya Zambia kuitambua Biafra na katika mwezi uleule ambao mji wa Port Harcourt uliangukia mikononi mwa majeshi ya serikali, Tiger alipanda ulingoni katika ukumbi mpya wa Madison Square Garden kumkabili Bob Foster. Foster alikuwa na kimo cha takriban sentimita 190 na mikono mirefu iliyomwezesha kumpiga Tiger kutoka mbali. Katika raundi ya 4 ngumi ya kushoto ya Foster ilimwangusha Tiger chali, akahesabiwa hadi kumi.

Katika mapambano zaidi ya 80 ya maisha yake, hiyo ndiyo mara pekee aliyopigwa nokauti. Foster alilishikilia taji hilo hadi mwaka 1974, na marudiano kati yao hayakufanyika.

Miaka ya mwisho ulingoni

Tiger hakuacha ngumi. Tarehe 25 Oktoba 1968 alipigana na Frankie DePaula katika pambano ambalo kila mmoja alimwangusha mwenzake mara mbili, na Tiger akashinda kwa pointi. Jarida la The Ring lililitaja kuwa pambano bora la mwaka. Tarehe 26 Mei 1969, akikaribia miaka 40, alimshinda Nino Benvenuti wa Italia, aliyekuwa bingwa wa dunia wa uzito wa kati. Taji halikuwekwa rehani katika pambano hilo, na Benvenuti aliumia mkono mapema.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya. Aba ilitekwa mwezi Septemba 1968. Chakula kilikosekana, na picha za watoto wa Biafra wenye utapiamlo zilienea duniani. Makadirio ya waliokufa yanatofautiana, lakini mengi yanataja watu milioni moja au zaidi, wengi wao kwa njaa.

Mwaka 1969 Tiger alirudisha kwa serikali ya Uingereza nishani ya MBE aliyokuwa ametunukiwa kwa ajili ya ngumi zake, akipinga silaha ambazo Uingereza iliipatia serikali ya Nigeria. Biafra ilisalimu amri mwezi Januari 1970. Tarehe 15 Julai mwaka huo Tiger alipigana kwa mara ya mwisho, akashindwa na Emile Griffith kwa pointi. Ilikuwa mara ya pili kwa Griffith kumshinda.

Ugonjwa na kifo

Vita ilipokwisha Tiger alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya mali yake. Kwa sababu ya kuiunga mkono Biafra hakuwa na hakika ya kupokelewa vizuri Nigeria, hivyo alibaki New York akifanya kazi ya ulinzi katika makumbusho ya sanaa ya Metropolitan. Wageni waliopita mbele yake wangeweza kumwona kuwa mlinzi wa kawaida tu, ingawa miaka mitatu iliyotangulia alikuwa bingwa wa dunia katika mji uleule.

Mwaka 1971 alipata maumivu, na madaktari wakagundua kuwa ana saratani ya ini. Serikali ya Nigeria ilimruhusu kurudi. Alifariki Aba, mji aliojifunzia ngumi, tarehe 14 Desemba 1971 akiwa na umri wa miaka 42, akazikwa Amaigbo.

Urithi

Tiger alishinda mapambano 60, akashindwa 19 na kutoka sare 3. Mwaka 1991 aliingizwa katika Ukumbi wa Kimataifa wa Mashujaa wa Ngumi nchini Marekani.

Waandishi wa ngumi humtaja kama mfano wa bondia aliyefika juu bila njia ya mkato. Alianza Ulaya kwa kushindwa mara nne mfululizo, alipata taji la dunia akiwa na umri ambao wenzake wengi hustaafu, na alipolipoteza alifanya kazi hadi akalipata tena. Historia yake pia hukumbusha kwamba mabondia wa Afrika walikuwa wakitwaa mataji ya dunia, na Afrika ikiandaa mapambano hayo, muda mrefu kabla ya Kinshasa.

Nafasi yake katika historia ya Nigeria ina pande mbili. Ushindi wa Ibadan mwaka 1963 ni sehemu ya kumbukumbu ya Nigeria yote, na miaka ya Biafra ni sehemu ya kumbukumbu ya Waigbo hasa.

Mapambano ya ubingwa wa dunia

Tiger alipigana mapambano 10 ya ubingwa wa dunia. Alishinda 6, akatoka sare 1 na kushindwa 3.

Uzito wa kati
- 23 Oktoba 1962, San Francisco: alimshinda Gene Fullmer kwa pointi (alitwaa taji)
- 23 Februari 1963, Las Vegas: sare na Gene Fullmer (alibaki na taji)
- 10 Agosti 1963, Ibadan: alimshinda Gene Fullmer, aliyeacha baada ya raundi ya 7
- 7 Desemba 1963, Atlantic City: alishindwa na Joey Giardello kwa pointi (alipoteza taji)
- 21 Oktoba 1965, New York: alimshinda Joey Giardello kwa pointi (alirudisha taji)
- 25 Aprili 1966, New York: alishindwa na Emile Griffith kwa pointi (alipoteza taji)

Uzito wa juu mwepesi
- 16 Desemba 1966, New York: alimshinda José Torres kwa pointi (alitwaa taji)
- 16 Mei 1967, New York: alimshinda José Torres kwa pointi
- 17 Novemba 1967, Las Vegas: alimshinda Roger Rouse, raundi ya 12
- 24 Mei 1968, New York: alishindwa na Bob Foster kwa nokauti, raundi ya 4 (alipoteza taji)